Tusiwakurupushe ndege kwa ajili ya picha

Ndugu Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji wako iliyotoka Jumamosi iliyopita, ile ya kutuelekeza Waswahili tulio Marekani namna ya kupiga picha za ndege wa bustanini wakati wa baridi. Mengi aliyoyaandika ni mazuri, na nimefurahi kwamba gazeti letu limelipa nafasi jambo hili. Lakini kuna mstari mmoja umeninyima usingizi. Amesema ukitaka picha ya ndege aliyekunjua mabawa, piga makofi au rusha donge la theluji mtini, waruke wote, nawe uwe umeshaweka kamera tayari. Naomba nimjibu ndugu yetu huyo kwa heshima, maana na mimi nilianza kwa kufanya hivyohivyo.

Mimi ni mtu wa Tanga. Nilikuja hapa St. Paul, Minnesota, mwaka 2019 kumsaidia binti yangu kulea. Majira ya baridi ya kwanza niliyamaliza ndani, pazia limeshushwa. Ya pili, asubuhi moja nikiosha vyombo, nikamwona dirishani ndege mwekundu kama pilipili iliyoiva, ametua juu ya uzio wa mbao, na chini yote ni theluji. Huyo ni kadinali dume. Jike lake ni rangi ya hudhurungi, mdomo wa chungwa, na kwa macho yangu yeye ndiye mzuri zaidi. Mkwe wangu alikuwa na kamera kabatini yenye lenzi ya milimita 300, akaniambia, "Mama, itumie tu, mimi sina muda." Ndiyo hiyo ninayoitumia mpaka leo.

Basi nikatundika kopo la mbegu za alizeti na kipande cha shahamu ya ng'ombe kwenye mti wa nyuma ya nyumba, nikaanza kujifunza. Nilipata picha za matako ya ndege, picha za tawi tupu, na picha za theluji iliyotoka ya kijivu kama majivu ya jikoni. Hapo ndipo nikawa napiga makofi.

Kulikuwa na asubuhi moja ya Januari, nyuzi 24 chini ya sifuri. Kwenye kopo walikuwapo chikadii watano. Chikadii ni kindege cha kofia nyeusi na shavu jeupe, hakizidi kiganja cha mtoto. Nikapiga makofi, wakaruka, nikabonyeza. Picha ikatoka ukungu mtupu. Wao wakajificha ndani ya mti wa msonobari wa jirani, na kwa karibu nusu saa hakurudi hata mmoja. Jirani mwenyewe, bibi wa makamo yangu, alikuwa anakwangua theluji mlangoni kwake. Alinijia polepole akaniuliza kama najua wale ndege wamelalaje usiku ule. Sikujua. Akanieleza palepale, pumzi inamtoka kama moshi.

Chikadii ana uzito wa gramu 11 hivi, yaani vijiko vitatu vya chai vya sukari. Mchana kutwa anakula ili ajiwekee mafuta mwilini, na usiku anayachoma kwa kutetemeka ili asigande. Joto la mwili wake hushuka kwa takriban nyuzi 10, akiba isije ikamwishia kabla ya kucha. Kunapopambazuka anaamka hana kitu tumboni wala mwilini. Na mwishoni mwa Desemba huku jua huchomoza karibu saa mbili asubuhi, likazama baada ya saa kumi na nusu jioni. Urefu wa mchana wote haufiki saa tisa. Katika saa hizo ale, afiche punje nyingine kwenye magome ya miti, amkwepe mwewe, na alale ameshiba. Mimi nilikuwa nimemnyang'anya nusu saa ya asubuhi, na nguvu za kuruka juu yake. Nilirudi ndani nikakaa kitandani, nimeona haya kwelikweli.

Ndugu msomaji aliyeandika, picha unayoitaka inapatikana bila kumkurupusha mtu. Mtazame chikadii anavyokula. Hakai kwenye kopo. Anatua kwanza kwenye kijiti cha karibu, anageuza kichwa kulia na kushoto, anaingia, anachukua punje moja tu, anaondoka nayo mpaka tawini, anaibana kwa miguu yote miwili na kuigonga kwa mdomo, tak tak tak, mpaka ganda lipasuke. Kisha anarudi, kwa njia ileile. Ukishaijua njia yake, huna haja ya kumfukuzia. Mimi nilichukua tawi kavu lenye magome, nikalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga hatua mbili kutoka kwenye kopo. Siku ya pili walikuwa wanatua hapo. Nikailenga kamera kwenye tawi lile, jua likiwa mgongoni kwangu, nikapandisha spidi ya kamera ya kufumba na kufumbua hadi 1/2000 ya sekunde, nikasubiri. Anapochuchumaa kidogo na kubana mabawa, ujue anaruka. Bonyeza wakati huo, usisubiri kumwona hewani.

Theluji nayo ina mambo yake. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, ndiyo maana picha zangu zilikuwa za majivu. Inabidi uiongezee mwanga mwenyewe, hatua moja au moja na nusu kwenye kipimo cha mwanga cha kamera, mpaka theluji iwe nyeupe bila kupoteza alama za vidole vya ndege juu yake. Ukishairekebisha hiyo, theluji inakuwa rafiki yako: inarudisha mwanga kutoka chini kama ua wa nyumba iliyopakwa chokaa, na tumbo la ndege linang'aa hadi unaona unyoya mmoja mmoja. Huko nyumbani, jua la utosini, sijawahi kuona mwanga wa namna hiyo.

Betri huzimika upesi kwenye baridi, kwa hiyo ya akiba naiweka mfuko wa ndani, karibu na mwili. Na ukimaliza, ifunge kamera kwenye mfuko wa plastiki kabla hujaingia nayo ndani, uiache humo mpaka ipate joto la nyumba. Yangu ya kwanza nilipoingia nayo hivihivi ilitoka jasho kama soda iliyotolewa kwenye friji. Ukipigia ndani, pitisha kwenye kioo safi, taa zimezimwa, lenzi imegusa kioo. Usifungue dirisha, kwani joto linalotoka linaipeperusha sura ya ndege kama unavyoona lami ikicheza saa saba mchana barabara ya Muheza.

Sasa nirudi kwenye makofi, maana bado kuna jambo ambalo lilinigusa kuliko yote. Jina la chikadii limetokana na mlio wake: chika-di-di-di. Watafiti walishaandika, mwaka 2005, kwamba kadiri hatari ilivyo kubwa ndivyo "di" zinavyoongezeka mwishoni. Tangu nijue hivyo nimekuwa nikihesabu. Siku zile za makofi nilikuwa nikifungua tu mlango, walinipigia "di" tano, sita, saba. Nilipoacha, nikawa natoka saa ileile, koti lilelile la kahawia, nakaa kwenye kiti kilekile bila kutikisa mkono, hesabu ikaanza kushuka. Ilichukua wiki tatu. Mwezi Februari nilitoka, nikakaa, hakuna aliyesema kitu. Walikuja kula. Mhariri, kwangu kimya kile kilikuwa na thamani kuliko picha.

Wako pia junko, ndege wa kijivu wenye tumbo jeupe, wanaookota punje zilizoanguka chini. Hao wanashuka kutoka Kanada kuja kupumzikia baridi hapa. Kwao Minnesota ndiko kwenye joto! Niliwahi kumwambia mjukuu wangu hivyo akakataa kabisa. Na gogota wa aina mbili, mdogo na mkubwa, wanaofanana kama pacha. Picha ndiyo iliyonifundisha kuwatofautisha, kwa urefu wa mdomo. Kila Februari kuna siku nne za watu kuhesabu ndege wa bustanini mwao, hesabu iliyoanza mwaka 1998, na dakika 15 zinatosha kushiriki. Siku hizi inapokea hesabu kutoka dunia nzima, Tanga wakiwemo wakitaka.

Nimeambatanisha picha moja niliyoipiga asubuhi ya juzi. Ni chikadii ametoka kwenye lile tawi langu kavu, mabawa yamefunguka yote, ameshika punje ya alizeti kwenye ncha ya mdomo, na kivuli chake kiko chini yake juu ya theluji. Ukiona inafaa kuchapishwa, tafadhali andika chini yake kwamba huyu hakufukuzwa na mtu, alikuwa anakwenda zake kula.

Wako,
Mama Zuhura
St. Paul, Minnesota