Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu na nyumba za reli na za askari hapa Nairobi

Wanachama wenzangu, hamjambo. Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe siku ya mkutano mkuu, na mambo ya mahudhurio ni ya katibu, kwa hivyo mimi nitaongea kuhusu kazi yenyewe, yaani hizo nyumba za zamani tunazozipima na kuzirekodi ili zisisahaulike. Mnakumbuka tulikubaliana mwaka huu tuyaache kidogo yale majengo makubwa ya katikati ya mji tuende kwa nyumba za watu wa reli na za askari, na najua kuna wenzetu hawakufurahia, walisema hivyo ni vyumba vya kupanga tu, hakuna cha kuhifadhi hapo. Mimi baada ya huu mwaka nimezidi kuamini tulifanya la maana, kwa sababu jengo kubwa lina watu wa kulitetea, lina faili, lina picha za zamani, lakini chumba cha mfanyakazi wa reli kikibomolewa leo kesho hakuna mtu atajua kilikuwa wapi.

Tulianzia Upper Hill. Reli ilifika hapa mwisho wa mwezi wa tano 1899 na mwaka huohuo makao makuu yakahamishwa kutoka Mombasa, na tangu hapo ukijua mtu analala wapi umejua cheo chake. Mabwana wakubwa wa reli walijengewa kule kilimani, bangalo za mbao na mabati zilizoinuliwa juu ya nguzo fupi ili hewa ipite chini na mchwa waonekane wakianza kupanda, veranda mbele, na jikoni likawekwa kando peke yake kwa kuogopa moto. Zilizobaki ni za kuhesabu, zimebanwa katikati ya maghorofa na parking. Huko hatukukaa sana kwa sababu mageti ni mengi na ofisi moja tuliyoiandikia barua haikujibu mpaka leo.

Kipande House wote mnaijua, pale kona ya Kenyatta Avenue na Loita, leo ni tawi la benki. Gurdit Singh aliijenga 1913 iwe stoo ya mizigo ya reli, na kwa miaka kadhaa ndiyo ilikuwa ndefu kuliko zote mjini. Watu huniuliza kwa nini stoo hiyo iwe hapo mbali na stesheni, na jibu ni kwamba reli ya zamani ilipita pale ambapo leo ni Uhuru Highway, halafu ikapanda kuelekea Westlands, kwa hivyo nyumba haikuwa mbali na reli hata kidogo, ni reli ndiyo ilihamishwa. Baada ya vita vya kwanza ikawa mahali pa kuandikisha wanaume Waafrika wapewe kipande, ile karatasi ya alama za vidole na rekodi ya kazi ambayo mtu aliivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Nilisimama mbele ya hayo mawe yaliyochongwa vizuri nikawaza foleni ya hao wanaume, na nasema wazi mimi naipenda hiyo nyumba na inaniuma pia, na naomba tukiwapeleka wanafunzi tuwaambie yote mawili.

Sasa Muthurwa. Hapa ndipo nataka mnisikilize vizuri. Hizi ni laini za vyumba ambazo reli iliwajengea wafanyakazi wake Waafrika, mtu na chumba kimoja, bomba na choo mnashiriki, na karakana iko karibu kiasi kwamba king'ora cha shifti kilisikika mpaka kitandani. Wazee wa reli waliotuongelesha wanajua kila laini ilikaa akina nani, mafayamani, yaani wachochea moto wa injini, huku, makarani kule. Mama mmoja alitufungulia mlango baada ya kupiga hodi na akaturuhusu kupima, chumba kimegawanywa kwa pazia, kitanda upande mmoja, stovu upande wa pili, ukuta wa juu ya stovu umekuwa mweusi tititi na juu kuna rafu ya mbao ambayo alisema aliikuta hapo alipoolewa. Tulipima hiyo rafu pia. Kuna aliyeniuliza kwani rafu ina maana gani, nikamwambia hiyo ndiyo nyumba yenyewe, mtu aliyepewa chumba kimoja na shirika akajitengenezea mahali pa kuweka vyombo vyake. Mambo ya kuhamishwa watu Muthurwa mnayajua, ile kesi ya wapangaji kupinga kufukuzwa iliyoamuliwa na Mahakama Kuu 2013 mpaka leo inatajwa watu wakiongea haki ya makazi, na Makongeni nayo, ambayo pia ni esteti ya reli, imeingia kwenye mipango ya nyumba za bei nafuu. Sisi sio wa kuwaambia watu wakae kwa vyumba vyenye choo cha kushiriki ndio tupate cha kupiga picha, hapana, watu wapate nyumba nzuri, lakini angalau laini moja ibaki imesimama.

Kariokor tulipita tu, kambi ya wale wapagazi wa vita vya kwanza, Carrier Corps, haipo tena, limebaki jina na soko. Kaloleni ni esteti ya miaka ya 1940 na mateka wa vita wa Kiitaliano walifanya kazi kwenye ujenzi wake, hiyo inataka mwaka wake peke yake.

Kibera ndio ilinishika zaidi. Wengi wakisikia Kibera wanafikiria mabati yaliyobanana, lakini ukienda Makina bado utakuta nyumba za Wanubi wa zamani, za udongo zilizopigwa plasta na chokaa, paa la mabati lililochakaa kuwa rangi ya kahawia, kibaraza kirefu mbele ambapo wageni huketi, vyumba vingi kwa sababu ukoo mzima ulikaa pamoja, na ndani ukutani kuna tabaga zimetundikwa, zile kawa za rangi nyingi ambazo kina mama wanasuka wenyewe. Babu zao walikuwa askari kutoka Sudan waliotumikia jeshi la Mwingereza, KAR (King's African Rifles), wakapewa hapo msituni mahali pa kukaa na kulima kwa vibali tu, bila hati. Mwaka 1918 sehemu hiyo ilitangazwa rasmi kuwa ya jeshi, ekari 4,197. Hati waliyokuja kupewa jamii hiyo 2017 ni ya ekari 288. Majina bado yanasema, Laini Saba inasemekana ni kwa sababu ya shabaha za askari, na Kambi Muru ni kambi kweli. Mzee mmoja alituonyesha kibali cha babu yake kimekunjwa ndani ya nailoni, karatasi imeanza kukatika kwenye mikunjo, na mmoja wetu anayejua mambo ya hifadhi ya nyaraka alimfundisha namna ya kuiweka bapa. Hiyo ndiyo kazi nilijivunia zaidi mwaka huu.

Kuhusu sheria, ile ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inaruhusu nyumba kugazetiwa, yaani kutangazwa kwenye gazeti rasmi la serikali kuwa inalindwa, na kamati inataka mkutano upitishe tuombe hivyo kwa laini moja ya Muthurwa na nyumba mojawapo ya Makina, wenye nyumba wakikubali kwanza, na wasipokubali tunaacha. Mkitaka kuanza na kitu rahisi pelekeni watoto makumbusho ya reli, yalifunguliwa 1971, waone lile behewa ambalo simba alimtoa Ryall, afisa wa polisi wa reli, ndani yake pale stesheni ya Kima 1900.

Ombi langu kwa ziara zijazo, tafadhalini msipige picha kupitia dirisha la mtu, mpige hodi, muulize, na picha mkizipiga mrudishieni mwenye nyumba nakala. Mwenye picha za zamani za baba au babu aliyefanya kazi reli au KAR azilete mkutanoni, katibu atakuwa na skana atazichukua hapohapo na kurudisha. Kamati inapendekeza ada ibaki vile ilivyo. Nafasi ya makamu iko wazi na tungependa mtu wa Eastlands, majina yapelekwe kwa katibu kabla ya siku ya mkutano.