Barua ya wazi kwa Waziri wa Ardhi: Ule ufa niliuziba mimi

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi,
Dodoma.

YAH: MUUZAJI WA NYUMBA AULIZWE, NA AJIBU KWA MAANDISHI

Mheshimiwa, pokea salamu zangu kutoka Dar es Salaam. Mimi ni fundi rangi. Nilianza kazi hii nikiwa kijana wa kubeba ndoo na kukoroga chokaa, na leo nina vijana watatu wanaonibebea ndoo. Nina jambo la kukiri na jambo la kuomba, na hilo la kuomba halitaeleweka nisipokiri kwanza.

Sehemu kubwa ya kipato changu cha kiangazi inatokana na nyumba zinazotaka kuuzwa. Masika ikishakatika na kuta zikakauka, kuanzia Juni hivi, simu zinaanza. "Fundi, njoo uniwekee nyumba vizuri, kuna mteja Jumamosi." Nikifika naonyeshwa ufa uliotoka kwenye kona ya dirisha ukashuka kwa mshazari hadi kwenye msingi. Huo si ufa wa plasta, Mheshimiwa. Ufa wa plasta ni mwembamba kama unywele, unatambaa ovyo kama utando wa buibui, na hauna neno. Huu wa mshazari unameza sarafu, na maana yake ni kwamba upande mmoja wa nyumba unashuka. Udongo wa mfinyanzi huvimba masika na kunywea kiangazi, na msingi uliochimbwa kwa haraka unapanda na kushuka pamoja nao. Lakini mimi sikuitwa kutibu msingi. Naupanua ufa kwa mashine, naujaza, nabandika neti, napiga skimu, ile lipu laini ya kusawazisha ukuta, napitisha msasa, koti mbili za rangi. Siku tatu tu, mteja anakuta ukuta kama karatasi.

Na ufa ni kazi moja tu kati ya nyingi. Ukuta unaotoa chumvi kwa chini, kwa sababu mjenzi hakuweka nailoni ya kuzuia unyevu au alitumia mchanga wa baharini, tunaubandika vigae hadi usawa wa kiuno na kuuita urembo. Silingi yenye ramani ya maji ya mvua inapigwa rangi ya mafuta kwanza, kwa sababu ukiipiga rangi ya maji peke yake ile kahawia inarudi usiku huohuo. Kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, zikiliwa na mchwa hazihitaji fundi, silingi yenyewe inazificha. Karo linalofurika kila masika, mwenye nyumba anaita gari la kunyonya maji taka siku moja kabla ya mteja kufika. Hiyo si kazi yangu, ila nimekutana na gari hilo getini mara nyingi kiasi kwamba mimi na dereva tunasalimiana kwa majina.

Moja nilikataa, na sijioni shujaa kwa hilo. Ilikuwa mwaka 2016, miezi michache baada ya bomoabomoa ya Bonde la Mkwajuni, Kinondoni, wakati kuta nyingi za kando ya Mto Msimbazi na vijito vyake zilikuwa na alama ya X nyekundu, ya nyumba inayotakiwa kubomolewa. Bwana mmoja aliniita nikamfutie X yake. Nikamweleza kwamba nyekundu haifi kwa koti mbili za nyeupe, itachungulia tu. Akasema niongeze ya tatu, mnunuzi anatoka mkoani na hajui habari za huku. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo yule bwana hakuwa anauza nyumba, alikuwa anauza kesi. Nilirudisha ndoo zangu kwenye bajaji. Wiki iliyofuata nilipita pale, nyumba nzima ilikuwa kijani. Fundi mwingine alikuwa amemaliza kazi.

Tena hapo usifikiri nimepata udhu. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 jijini na kuwapeleka wengine kuanza maisha Mabwepande, nilipaka rangi nyumba ambazo mstari wa maji ulikuwa bado umejichora ukutani, usawa wa kifua cha mtu mzima. Sikuuliza zinaenda kwa nani. Nilikuwa na watoto wa kulisha, na kila aliyeniita alikuwa na sababu yake: huyu ana mgonjwa hospitalini, yule anagawana mirathi na ndugu wasioelewana. Wauzaji wengi si matapeli. Ni watu wenye shida ambao hakuna aliyewauliza swali.

Kilichonifanya nishike kalamu ni mama mmoja, muuguzi mstaafu. Alinunua nyumba mwezi Agosti, upande wa Tabata kuelekea Kinyerezi, kwa kiinua mgongo chake. Aprili iliyofuata jirani yake akampa namba yangu. Nilipovuka geti nikaijua nyumba. Pale sebuleni, chini ya dirisha la mashariki, ufa ulikuwa umerudi, na ukingoni mwake neti imebinuka. Kiraka changu nakijua.

"Mwanangu," akaniambia, "hii nyumba nilipoinunua haikuwa na hata mstari."

Nilikunywa chai yake kwanza. Kisha nikamweleza. Hakunitukana. Aliuliza kitu kimoja tu: "Walikulipa shilingi ngapi?" Nikamwambia laki mbili na nusu za ufundi. Alinyamaza muda mrefu, halafu akaenda kunitafutia karatasi aliyouziwa nyumba.

Karatasi yenyewe unazijua zilivyo. Ukurasa mmoja, majina, bei, mashahidi, muhuri wa serikali ya mtaa, na sentensi ile isiyokosekana: mnunuzi ameiona nyumba na ameridhika nayo. Tukaenda pamoja kwa wakili. Nilitegemea atasema tumeonewa, tukashitaki. Yeye akatufungulia Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 17, akatueleza taratibu kama mwalimu. Mtu akikaa kimya tu kuhusu jambo ambalo lingemfanya mwenzake asite kununua, ukimya huo peke yake si udanganyifu, isipokuwa hali ilivyo iwe inamtaka aseme, au ukimya wenyewe uwe ni sawa na kusema. Lakini kulificha kwa makusudi jambo unalolijua, huo ni udanganyifu. Halafu anayedai amelaghaiwa kwa ukimya, muuzaji anaweza kumjibu kwamba angeweza kuugundua ukweli kwa uangalifu wa kawaida.

Mheshimiwa, nilikaa kwenye kile kiti nikaelewa kazi yangu ya miaka yote kwa mara ya kwanza. Muuzaji akinyamaza, sheria inamvumilia. Akiniita mimi na skimu yangu, amevuka mstari. Ila nani ataujua mstari huo ulivukwa lini? Aliyeuona ni mwenye nyumba na fundi wake, na fundi amelipwa. Huyu mama alipata bahati ya ajabu, ya kumpigia simu fundi yuleyule. Hata hivyo barua ya wakili ilijibiwa kwa sentensi moja, ile ya kuona na kuridhika. Kesi yenyewe hajaifungua hadi leo, kwa sababu fedha ya kesi ndiyo fedha ya kuchimbua msingi.

Binti yangu anasoma sheria, na baada ya mkasa huu tumekuwa tukibishana kila Jumapili. Ananiambia friji ukilinunua dukani ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ya kukukinga likiwa bovu kwa kazi lililouziwa. Nyumba haimo, kwa sababu ardhi si bidhaa. Friji la laki saba lina mtetezi kuliko nyumba ya milioni themanini! Na ukitazama safari ya nyumba inapouzwa, kila dirisha linauliza bei. Fomu za uhamisho zinataka bei. Mamlaka ya mapato inataka bei ili ijue kodi yake. Mthamini aliyesajiliwa kwa sheria ya 2016 anaandika thamani. Dalali ndiyo usiseme. Hakuna hata mmoja anayeuliza: je, maji huingia?

Ombi langu ni hilo swali. Iwepo karatasi moja ya tamko la muuzaji, iambatane na nyaraka za uhamisho zinazofika kwa Kamishna wa Ardhi, na uhamisho usipite bila karatasi hiyo kujazwa na kusainiwa. Aulizwe mambo anayoyajua yeye tu: maji yamewahi kuingia ndani au kusimama uwanjani, na mwaka gani, ukuta au msingi umewahi kupasuka, na ulitengenezwaje, karo liko wapi na hujaa lini, paa limewahi kuvuja au kuliwa na mchwa, imewahi kuwekwa alama au kupewa notisi na mamlaka yoyote, kuna jirani mnayegombea naye mpaka au njia. Akijibu hajui, aandike hajui. Akiandika hapana huku anajua ndiyo, hapo hatuzungumzii ukimya tena. Mnunuzi ana uongo ulioandikwa na kusainiwa mkononi, na hahitaji kumtafuta fundi wa kukiri.

Kwa nyumba zisizo na hati, ambazo ndizo nyingi mitaani kwetu, karatasi hiyohiyo igongwe muhuri pale kwenye ofisi ya serikali ya mtaa mauziano yanapoandikwa. Najua mwenyekiti wa mtaa yuko chini ya TAMISEMI na si chini yako. Hilo mtakaa wenyewe mlimalize, sisi huku chini hatuoni ukuta kati ya ofisi zenu, tunaona foleni tu.

Nimekwishasikia jibu la madalali: mnunuzi aje na fundi wake. Aje, mimi napenda kazi. Lakini mniletee fundi yeyote Agosti, kwenye ukuta nilioupiga skimu mimi, nimpe siku nzima na tochi. Ataona ukuta. Kugonga kwa kifundo cha kidole kutamwambia plasta iliyoachia, hakutamwambia nyumba ilivyolala Aprili iliyopita.

Wenzetu wamelifanya hili. Afrika Kusini, tangu Februari 2022, dalali haruhusiwi kupokea kazi ya kuuza nyumba kabla muuzaji hajampa fomu ya kasoro iliyojazwa na kusainiwa, na fomu hiyo inaambatanishwa na mkataba. Napenda walivyomfunga dalali humo, maana kwetu dalali ndiye anayejua zaidi na kusema kidogo zaidi. New York nako walikuwa na fomu tangu 2002, lakini waliacha mwanya: asiyetaka kuijaza alimpunguzia mnunuzi dola 500, basi. Binti yangu anasema mawakili wenyewe walikuwa wakiwashauri wateja wao walipe hizo 500, na nani asingelipa? Mwanya huo waliufunga Machi 2024, wakaongeza na maswali ya mafuriko. Nakutajia hili mapema, Mheshimiwa, kwa sababu nawajua watu wetu. Mkiweka faini ya laki tano badala ya tamko, itaingizwa kwenye bei ya nyumba kama gharama ya rangi.

Mimi tangu mwaka jana, nikiitwa kwenye nyumba inayouzwa, naandika kwenye risiti kazi niliyoifanya: ufa, mahali ulipo, urefu wake, na kwamba msingi haujatibiwa. Natoa nakala mbili. Nimepoteza wateja, wengine walinicheka usoni. Mmoja tu alichukua nakala ya pili akampa mnunuzi, wakapunguziana bei, wakamaliza.

Kwa yule mama nimeuacha ufa wazi, kwa makubaliano yetu. Kila mwisho wa mwezi napita, napima upana, nachora mstari wa penseli ukutani na kuandika tarehe pembeni. Ukimtuma mtu wa wizara aje aone, mistari ipo, na mimi niko tayari kueleza nilichokifanya pale, mbele ya yeyote.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Fundi rangi, Dar es Salaam