Barua kwa Zuhura: farasi wa Bi Nuru

Kwako shoga yangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Huku wazima, Kassim kashapona, na mama bado anauliza kama Madrid mnapata muhogo. Ama baada ya salamu, nina shida, na dawa yake unayo wewe.

Bi Nuru anataka nimchore. Si uso tu. Anataka juu ya farasi, turubai la ukuta mzima pale sebuleni. Mjukuu wake alimtumia kwenye simu picha ya malkia Christina wa Uswidi, ile aliyochora Mfaransa Sébastien Bourdon mwaka 1653, naye akasema, "Hivi hivi." Farasi kanyanyua miguu ya mbele hewani, mbwa wa kuwinda wako chini, kijana nyuma kabeba kipanga, na malkia mwenyewe katulia kama yuko barazani anangoja kahawa. Na mimi nimezoea kuchora punda, Zuhura!

Nikaanza kusoma nipate sababu ya kumkatalia, mambo yakaninogea. Picha yenyewe iko huko kwenu, kwenye jumba la makumbusho la Prado, maana Christina alimpelekea zawadi mfalme Felipe wa Nne wa Uhispania. Na Felipe farasi wa ukutani alikuwa nao tayari: miaka ya 1630 Velázquez na wenzake walichora jamaa nzima kwa ajili ya ukumbi wa jumba la Buen Retiro. Yeye, baba, mama, mkewe Isabel, na mtoto wao Baltasar Carlos. Sasa tazama: farasi wa wafalme wamenyanyua miguu, hata wa yule mtoto anaruka. Wa mama na wa mke wanatembea taratibu, wamebeba nguo na tarizi. Halafu anaingia Christina, malkia asiye na mume, na farasi wake anafanya kama wa wanaume. Unadhani Felipe hakuliona?

Tena ngoja. Juni 1654 huyo huyo Christina akavua taji kwa hiari yake! Alirithi ufalme akiwa hajatimiza miaka 6, baba yake alipouawa vitani Lützen. Kuolewa hakutaka, na moyoni alishaelekea Ukatoliki, jambo ambalo Uswidi ya Kilutheri, yaani ya Kiprotestanti, isingelikubali kwa malkia wake. (Bourdon naye Mprotestanti, sijui alijua nini.) Basi mkono ule kwenye hatamu ni wa mtu anayetawala, au anayejiandaa kuziachia? Asubuhi naona hivi, jioni naona vile, kazi nyingine zote zimelala.

Nikamwambia Bi Nuru achukue wa Isabel: farasi mweupe, anatembea, nguo zimetarizwa, yafaa kabisa kwa mtu mzima. Akanijibu, "Maduka nayaendesha mwenyewe tangu marehemu atutoke, leo waniweka juu ya farasi anayesinzia?" Nikanyamaza. Sasa na mimi namtaka wa Christina, ndiyo balaa lenyewe.

Kinachonishinda ni miguu. Naona kama malkia amekaa upande. Farasi akisimama kwa miguu ya nyuma, nini kinamzuia mtu asiteleze? Kwenye simu gauni limefunika kila kitu. Nenda ukanitazamie, kama wameitundika. Saa mbili za mwisho kabla ya kufunga, kuingia ni bure. Kupiga picha hawaruhusu, kwa hiyo chukua penseli na daftari, na usiniambie hujui kuchora, vikatuni vyako vya darasani tulivilipia viboko sote.

Goti lake linaonekana chini ya kitambaa? Anakalia nini hasa? Hatamu ziko mkono upi? Miguu ya nyuma ya farasi imepinda kiasi gani? Na ukimtazama kutoka chini, uso umetulia kweli au simu inanidanganya? Wa Velázquez ukiwaona, nao niambie. Na wewe je, kazi mpya vipi? Yule wa Valencia kashajieleza, au bado anazungukazunguka? Maulidi utakuja?

Jibu upesi, mbao za fremu bibi kashanunua. Ya Christina ni zaidi ya mita 3 kwenda juu, naye anataka kimo hicho hicho. Mlango wa sebule yake haufiki hata mita 2 na nusu, hilo Kassim ndiye atakayemwambia.

Wako,
Mwanaidi