Kwenu wanangu mliomaliza chuo na bado mnasubiri ajira Dodoma

Wanangu,

Shikamoo zenu nazipokea kila siku hapa Nkuhungu, na nyuso zenu naziona. Mmemaliza UDOM, Mipango, CBE. Bumu, ile pesa ya mkopo wa kujikimu chuoni, limekwisha, kodi ya chumba inadaiwa, na nyumbani wanauliza mtaanza kazi lini. Nimestaafu utumishi baada ya miaka mingi ya kupitia maombi ya kazi, na hali yenu inaniuma.

Wengi mmebaki mjini kwa sababu wizara zimehamia Mtumba, kwenye Mji wa Serikali hapa Dodoma, mkiamini aliye karibu ndiye ataitwa. Sivyo. Ajira nyingi za serikali zinaombwa mtandaoni kwenye Ajira Portal, tovuti ya Sekretarieti ya Ajira, na aliyeko Kondoa anaomba sawasawa na wewe uliyepanga Ng'ong'ona. Kushinda getini na bahasha kunamaliza nauli tu. Kodi ikikushinda, rudi nyumbani, wala usione haya. Shule binafsi, saccos, zahanati ya misheni, wanunuzi wa mahindi pale Kibaigwa, wote wanahitaji mtu wa kuandika na kupiga hesabu. Mshahara utakuwa mdogo. Lakini utapata bosi wa kumwandika kama mdhamini kwenye wasifu wako, na kwenye usaili utakuwa na la kusema.

Sasa vyeti, maana hapa ndipo mnapoumia zaidi. Juzi nilimkuta binti steshenari, tangazo linafungwa usiku uleule. Anapakia matokeo ya muda badala ya cheti chenyewe, wakati tangazo limesema hayapokelewi. Barua haina sahihi. Jina la cheti cha kidato cha nne limepishana herufi moja na la cheti cha kuzaliwa. Mtoto mwenye matokeo mazuri vile! Mambo ya majina yanataka wakili na muda. Yashughulikieni sasa, kabla tangazo halijatoka.

Na yeyote anayekuomba laki tatu "akuingize kwenye orodha" ni tapeli, hata akivaa kitambulisho shingoni. Msiuze mbuzi wa baba kwa ajili yake. Ukifaulu usaili ukakosa nafasi, jina lako huweza kuwekwa kwenye kanzidata ya waliofaulu, na wapo walioitwa baadaye bila kusailiwa tena. Kwa hiyo laini ya simu uliyojisajilia usiitupe.

Jumamosi jioni nipo nyumbani. Njooni na barua zenu na vyeti halisi, tuvipitie kimoja kimoja.

Mama yenu, Nkuhungu