Msiandike kwamba hatukuwa na kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie neno moja fupi nililoandikiwa miezi michache iliyopita katika ofisi moja hapa Dodoma, nilipokwenda na mjukuu wangu kujaza fomu. Karani, kijana mwenye adabu aliyeniamkia vizuri na kunipa kiti, aliniuliza jina, mwaka wa kuzaliwa na kijiji nilikotoka, nami nikamjibu yote. Alipofika kwenye nafasi ya kazi hakuniuliza. Aliinua macho, akanitazama, kisha akaandika "hana". Nilipomwambia kuwa nimelima tangu utotoni, alinijibu kwa upole kwamba pale wanakusudia kazi ya kuajiriwa au biashara, na kwamba akina bibi karibu wote huandikiwa hivyo. Sikubishana naye kwa kuwa foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, lakini neno lile nimelala nalo na kuamka nalo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Nilizaliwa mwaka 1951 upande wa Bahi, katika nyumba ya tembe, yaani ile nyumba yetu ya miti na udongo yenye paa bapa ambayo vijana wa leo wanaiona kwenye makumbusho. Ndani, karibu na mlango, palikuwa na jiwe la kusagia ambalo mama alilikuta kwa mama mkwe wake alipoolewa. Lilikuwa limelika katikati kwa sababu ya mtama na uwele uliosagwa juu yake miaka mingi, hata ukipitisha kiganja ulihisi ulaini kama wa sabuni iliyotumika. Mama aliamka kungali giza, akapiga magoti mbele ya jiwe hilo, akashika jiwe dogo kwa mikono miwili na kulisukuma mbele na nyuma, uzito wote wa mwili wake ukiwa mabegani, huku unga ukidondoka kidogo kidogo kwenye ngozi ya mbuzi iliyotandikwa chini. Tulikuwa watu tisa nyumbani, na unga wa kututosha kwa siku moja ulimalizika jua likiwa limeshachomoza. Hapo ndipo alipochukua jembe kwenda shambani. Magoti yake yalikuwa na sugu nyeusi, ngumu, ambazo sisi watoto tulidhani kila mwanamke mzima huota, kama vile wanaume wanavyoota ndevu.

Mimi sina sugu hizo. Mashine ya kusaga ya dizeli ilifika kijiji cha jirani nikiwa tayari na watoto wawili, tukawa tunabeba debe la mtama kichwani kwenda na kurudi. Mama alilalamika msimu mzima kwamba unga unanuka mafuta, lakini msimu uliofuata naye alikuwa kwenye foleni pamoja nasi. Katika historia ya nchi yetu tunayosomewa, sijawahi kusikia siku hiyo ikitajwa, ingawa kwa wanawake wa Ugogo kufika kwa mashine kulibadilisha asubuhi zao zote.

Maji nayo yana habari yake. Wakati wa kiangazi, hasa Septemba na Oktoba kabla ya mvua za kwanza, tulichimba visima kwenye mchanga wa korongo. Unachimba kwa mikono na kwa kata mpaka mchanga unakuwa na unyevu, kisha unakaa pale ukisubiri maji yajikusanye, kata moja, nyingine, nyingine tena, mpaka mtungi ujae. Walioamka mapema walikuta maji, na waliochelewa walikuta matope. Tulipoondoka tulifunika shimo kwa matawi ya miiba ili ng'ombe wasilivuruge. Kazi hiyo haikuwa na mshahara wala likizo, na kama kuna mtu anayedhani si kazi, namwomba aifanye siku tatu tu mfululizo.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa msichana mdogo wakati wa Mtunya, ile njaa kuu iliyoikumba Ugogo kuanzia 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo ya vita, kisha ukame ukaja juu yake. Wasomi wameandika kuhusu wapagazi na kuhusu mifugo iliyonyang'anywa, nao wamefanya vyema. Bibi alipotusimulia alianza mahali pengine kabisa. Alianza na mama yake alivyokwenda porini kutafuta mizizi na majani ya kupika mlenda, na alivyotwanga mbegu za ubuyu ili watoto wapate kitu tumboni. Katika simulizi yake, waliobaki hai walibaki kwa sababu kuna mwanamke aliyejua majani yapi yanalika na yapi yanaua. Ujuzi huo haukuandikwa popote, na sehemu kubwa yake imezikwa pamoja na wenyewe.

Wala siyo kwamba taifa halikuwahi kuliona jambo hili. Azimio la Arusha la 1967 lilisema waziwazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kuliko mtu mwingine yeyote nchini. Miaka michache baadaye, katika Operesheni Dodoma, tulihamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa. Nakumbuka vizuri siku ya kuandikishwa kwetu: walioitwa mbele ni wakuu wa kaya, nao ni wanaume, na majina yao ndiyo yaliyoingia daftarini. Mama, ambaye wiki nzima alikuwa akikanda udongo wa kusiriba kuta za nyumba mpya huku mdogo wangu akiwa mgongoni, aliingia katika hesabu kama mmoja wa "watu waliomo". Wakati huohuo lilianza darasa la kisomo cha watu wazima chini ya mbuyu, saa za alasiri baada ya shamba, na hapo mama akajifunza kuandika jina lake. Aliliandika kwenye daftari, akaliandika kwa kijiti kwenye vumbi la uani, akaliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, na baba hakuthubutu kulifuta.

Sheria nayo imekwishasema. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi zao za pamoja, kwa kuangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Ndipo mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango halali katika mali hiyo. Bi Hawa mwenyewe hakuondoka na mgawo aliokuwa akiuomba, lakini msingi uliowekwa siku ile umewafaa wanawake wengi waliokuja baada yake. Sheria za ardhi za 1999 nazo zilitamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Iweje basi, zaidi ya miaka 40 baada ya hukumu ya Bi Hawa, kalamu ya ofisini iandike kwamba mwanamke aliyelima, aliyechota, aliyesaga na kulea hana kazi?

Lawama hii si ya karani peke yake. Sisi wenyewe tumeizoea lugha hiyo. Mwanamke akiulizwa siku hizi anafanya nini, hujibu, "Nipo tu nyumbani," ilhali alfajiri hiyohiyo amekwishapalilia mizabibu, amekamua mbuzi na amewatayarisha watoto watatu kwenda shule. Mimi pia nimelitamka neno hilo mara nyingi, mbele ya binti zangu, nao wakalipokea. Karanga zangu ndizo zilizonunua sare na madaftari yao, na bado nilipoulizwa mbele yao nilisema nipo tu nyumbani. Hilo linaniuma kuliko lile la kwenye fomu.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nina maombi mawili. La kwanza ni kwa wanaotengeneza na kujaza fomu: mwulizeni bibi kazi yake, na akisema mkulima, mwandikeni mkulima, kama mnavyomwandika babu aliyelima naye shamba hilohilo. La pili ni kwa gazeti lako. Kila mwezi Machi mnatuletea picha na habari za wanawake viongozi, nami huzisoma kwa furaha, kwani kumwona mwanamke kwenye kiti cha Rais, na kuwa tuliwahi kumwona mwingine kwenye kiti cha Spika hapa hapa Dodoma, ni jambo ambalo mama hakuliota. Lakini watumeni pia waandishi wenu Bahi, Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Chamwino, wakae na akina bibi wenye miaka 80 na 90, wawaulize walisaga wapi, walichota wapi, walizalia wapi na nani aliwapokea watoto wao. Waende kabla ya masika, maana barabara zetu zinakatika, na wazee wetu hawatusubiri.

Wakifika kwangu nitawapokea. Jiwe la mama bado lipo, nimeliweka kivulini kando ya mlango wa jiko, na bonde lake la katikati linakaa maji ya kuku. Wapitishe viganja vyao hapo.

Msomaji wako,
Bibi mkulima,
Bahi, Dodoma