Barua ya wazi kwa msimamizi wa ratiba: ndege yetu haikuwa na hitilafu

KWA: Mheshimiwa Msimamizi wa Ratiba, Kamati ya Maonyesho ya Ndege, Nairobi

KUH: Tangazo lililotolewa kwenye vipaza sauti alasiri ya siku ya maonyesho

Mheshimiwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima, na simu yako pia ikiwa nzima, maana siku ya 11 leo inaita tu hadi inakatika. Barua pepe nimekutumia 3. Ofisini nimefika mara 2: mara ya kwanza nikaambiwa umetoka sasa hivi, mara ya pili nikaambiwa hujafika. Mlinzi mwenyewe alinionea huruma akanivutia kiti. Ndiyo sababu nakuandikia hadharani. Usidhani nimekosa adabu, Mheshimiwa. Nimekosa mlango.

Mimi ni fundi wa ndege. Nimeshika spana pale uwanja wa ndege wa Wilson kwa miaka 19. Jina langu huenda hulikumbuki, lakini kwenye kikao cha maandalizi ulinipa mkono ukaniambia, marubani wakisikia, kwamba safari hii sisi raia hatutakuwa viraka vya kuzibia nafasi kati ya ndege za jeshi. Nililishika neno hilo kwa sababu lilikuwa tamu. Kisha ukatusomea ratiba: ndege yetu, saa nne kasorobo asubuhi, dakika 12. Nikaandika kwenye daftari. Daftari bado ninalo, ukilihitaji kwa kujikumbusha.

Kwa faida ya wasomaji wengine, ndege ninayoizungumzia ni ajuza mwenye mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine, na viti viwili visivyo na paa. Ndani ya mabawa mna mbao, nje kitambaa kilichopakwa rangi hadi kikakaza kama ngozi ya ngoma. Iliundwa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ili kuwafunza urubani wanajeshi. Yaani hii mnayoiita ya kiraia ilivaa kombati kabla wengi wetu hatujazaliwa. Injini yake ina silinda 7 zilizopangwa duara puani, na injini ya aina hiyo ina tabia zake. Ikilala usiku kucha, oili huteremka polepole na kukaa kwenye silinda za chini. Ukija asubuhi ukaiwasha kwa pupa, pistoni inakutana na oili, na oili haibonyei. Kitakachopinda ni chuma. Kwa hiyo kabla ya kuwasha tunaizungusha propela kwa mikono, panga moja baada ya jingine, taratibu, huku sikio liko kwenye injini.

Siku ile niliondoka Rongai saa kumi alfajiri na matatu ya kwanza. Niliizungusha propela mwenyewe. Nilichota petroli kutoka sehemu ya chini kabisa ya tangi, nikaitia kwenye chupa ya kioo, nikaiinua mbele ya tochi kutazama kama maji yamejitenga chini. Hakuna hata tone. Nikajaza tangi la moshi (ule moshi mweupe unaowafurahisha watoto si injini inayoungua, ni mafuta tunayoyanyunyizia kwenye ekzosi ikiwa moto). Saa mbili na nusu nikatia sahihi kwamba ndege iko sawa. Sahihi hiyo, Mheshimiwa, ndiyo ninayoiuza. Sina duka jingine.

Saa nne kasorobo ikafika. Tukaambiwa tungoje, mgeni rasmi yuko njiani. Saa tano, bado yuko njiani. Nairobi hii tunaijua, sikulalamika. Askari wa miavuli wakarushwa, wakatua karibu kabisa na alama yao, nikapiga makofi kama kila mtu. Helikopta ya jeshi ikaonyesha jinsi mtu anavyookolewa kwa kamba. Halafu mgeni rasmi akafika, akaketi, akapewa maji, na helikopta ikamwokoa mtu yule yule tena.

Baadaye zikapita ndege za kivita. Hapo sina la kusema, na sitaki mtu aniwekee maneno mdomoni. F-5 inatoka Laikipia, kule Nanyuki, na inakunywa mafuta kuliko msafara wa malori. Haiwezi kuzungukazunguka juu ya Athi River ikingojea hotuba iishe. Ikipewa dakika yake, ni dakika yake. Kila mtu wa ndege anajua hivyo. Tena sisi wa Wilson tunajua zaidi kwamba anga si uwanja wa kuchezea ratiba. Tarehe 5 Machi 2024 ndege mbili ziligongana juu ya Mbuga ya Nairobi, na wawili waliokuwa katika ile ndogo wakapoteza maisha. Wengi wetu tuliacha kazi siku ile tukasimama nje tu, mikono ikiwa na grisi.

Ninavyokisia, basi, mambo yalikuwa hivi: mgeni alichelewa, ndege za kivita hazikuweza kusogezwa, na muda uliopotea ukabidi ukatwe kwa mtu. Akatafutwa asiye na nyota begani. Nakisia tu. Ungepokea simu nisingekisia.

Tulikaa pembeni juani zaidi ya saa 5. Kuna jambo moja la saa hizo ambalo ningependa ulijue. Fundi mmoja wa jeshi la anga, koplo, aliyekuwa zamu karibu nasi, alitujia akauliza kwa heshima kama anaweza kuigusa ndege. Akapitisha kiganja kwenye kifuniko cha injini, akaniuliza tunaizungusha panga ngapi. Nikamwonyesha. Akavua kofia, akaishika propela, tukaizungusha pamoja, yeye akihesabu kwa sauti. Tukagawana chapati. Ungetuachia sisi wawili tupange hiyo ratiba, tungeimaliza chai haijapoa. Ndiyo maana nikisikia watu mitandaoni wakisema hii ni vita ya raia na wanajeshi, nashangaa. Hakuna mwanajeshi aliyenikosea.

Saa tisa na dakika 20 akaja kijana wako mwenye redio ya mkononi. "Mzee, mko tayari? Mna dakika nne."

Mheshimiwa, mimi si rubani, lakini hesabu hii hata konda wa matatu angeipiga. Wilson iko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi. Injini ya kizamani kama ile, isiyo na kifaa cha kuishindilia hewa, inapoteza hapa karibu moja ya sita ya nguvu ambayo ingekuwa nayo Mombasa. Jua likishapasha joto, hewa inazidi kuwa nyepesi: injini inalegea zaidi, na mabawa nayo hayapati cha kushikilia. Kwa hiyo saa nne kasorobo asubuhi hatukuipenda kwa sababu ya chai. Tuliiomba kwa sababu asubuhi hewa ni baridi na imetulia. Saa tisa upepo ulikuwa unakurupuka kutoka huku na kule, na upande wa Ngong mawingu yalikuwa yameshajipanga. Na zile dakika 12 hazikuwa za kujionyesha. Dakika kadhaa za mwanzo ni za kupanda tu, kutafuta urefu wa kutosha, ili rubani akigeuza ndege kichwa chini awe na nafasi ya kukosea na bado arudi nyumbani. Dakika 4 hazitoshi hata kupanda.

Rubani alikitazama kitambaa cha upepo, akanitazama, akavua glavu moja, kisha ya pili. Akasema hapana.

Nilimheshimu mno wakati huo. Maana wengine walisema ndiyo. Shoreham, Uingereza, tarehe 22 Agosti 2015, ndege kuukuu ya kivita aina ya Hawker Hunter, iliyokuwa mikononi mwa raia, iliingia kwenye mzunguko wa wima ikiwa na mwendo mdogo, ikafika kileleni chini ya urefu uliotakiwa, na ikashindwa kumaliza. Ilianguka barabarani. Watu 11 wakafa. Wala usiseme ni raia tu wanaokosea: Ramstein, Ujerumani, tarehe 28 Agosti 1988, ndege 3 za kikosi teule cha jeshi la Italia ziligongana mbele ya umati, na waliokufa wakafika 70. Sisi nje ya uzio wetu palikuwa na barabara imejaa matatu, na watoto waliopanda juu ya mabati kutazama bure.

Basi tulichotarajia baada ya hapo ni kimya. Au neno la kistaarabu, kwamba muda umekwisha, samahani. Badala yake vipaza sauti vyenu vikasema, na nanukuu kama nilivyosikia, maana nilikuwa nimesimama chini ya kimoja: "Kwa bahati mbaya ndege ya mabawa mawili imepata hitilafu ya kimitambo, kwa hivyo haitaruka. Tuwapigie makofi wanajeshi wetu."

Hitilafu ya kimitambo!

Mheshimiwa, mtambo ule ni wangu. Niliusikiliza kabla ya jogoo. Hitilafu ilikuwa kwenye karatasi iliyokuwa mkononi mwako, na mnalijua hilo wewe na kijana wa redio.

Mwanangu ana miaka 9. Alikuwa kwenye umati na mama yake na wenzake wanne wa darasani, tiketi nimenunua mimi, na alikuwa amewaambia wote kwamba ndege ya baba inatoa moshi. Jioni nilipofika nyumbani hakunikimbilia. Alingoja nimalize kula, akaniuliza polepole, "Baba, uliiharibu wapi?" Nilijikaza kisabuni. Nilimwambia haikuharibika. Akasema, "Lakini mtangazaji alisema." Na kweli, Mheshimiwa, mtangazaji alisema. Mimi na kipaza sauti, nani ataaminiwa?

Kazini nako nimepata jina jipya. Wananiita Fundi Hitilafu. Wanacheka, nami nacheka nao. Lakini wiki iliyofuata mteja mmoja, aliyekuwa alete ndege yake kwa ukaguzi wa mwaka, akapiga simu kusema ataipeleka kwingine kwa sasa. Alikuwa na upole, akataja mambo ya bima. Ukaguzi ule ndio ningelipia karo ya muhula ujao.

Wakati mwingine najiuliza kama mnasahau mlikoikuta hii anga. Klabu ya marubani raia, Aero Club of East Africa, ilianza mwaka 1927. Florence Kerr Wilson, ambaye uwanja wetu unaitwa kwa jina lake, alianzisha shirika lake la ndege hapa mwaka 1929. Jeshi la Anga la Kenya lilizaliwa tarehe 1 Juni 1964, na tunalionea fahari sote, mimi wa kwanza. Sitaji miaka hii ili nishindanie kiti. Naitaja kwa sababu kwenye kile kijitabu chenu cha maonyesho, raia wote tuliwekwa ukurasa wa mwisho chini ya maneno "na wengineo", karibu na tangazo la maji ya chupa.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na madai mengi. Nilitaka turudishiwe gharama ya petroli na mafuta ya moshi. Nilitaka ratiba ya mwaka ujao iandikwe na kutiwa sahihi, na raia warushwe asubuhi kabla jua halijapanda. Nilitaka pia kijitabu kirekebishwe. Yote hayo naweza kuyaacha. Petroli tumeshaisamehe. Mwaka ujao mkitaka tusije, hatutakuja.

Nataka lile tangazo lirekebishwe. Vipaza sauti mmeshavipakia kwenye lori, najua, lakini kurasa zenu za mitandao bado zipo, na video ya siku ile bado mnaisambaza, sauti ya mtangazaji ikiwemo. Wekeni sentensi moja hapo hapo. Hata kuitunga nimekutungia, ina maneno 7: Ndege ya mabawa mawili haikuwa na hitilafu. Msiweke samahani, kama samahani inawagharimu. Msitaje ratiba wala mgeni rasmi. Msinitaje mimi. Maneno 7 tu, Mheshimiwa.

Watoto wa shule wapo kwenye likizo fupi na wanarudi darasani Jumatatu. Ningeshukuru iwe imewekwa kufikia Jumapili jioni, nimwonyeshe mwanangu kwenye simu kabla hajalala.

Wako mtiifu,

Fundi wa ndege,
Wilson, Nairobi