Simu ruksa, kamera mpaka kibali

Mhariri, salaam na pole na kazi.

Mimi ni fundi friji huku Temeke, kupiga picha sio kazi yangu na sijawahi kumlipisha mtu hata mia, ni mapenzi tu kama wengine wanavyopenda mpira au bao. Jumapili napumzika, basi natoka na kamera 2 kwenye begi la mgongoni, moja ya dijitali, Canon 1100D ya mtumba, na nyingine ya mkanda wa filamu, Pentax K1000 aliyoniachia marehemu baba mdogo, chuma tupu, betri yake kazi yake ni kupima mwanga tu, ikiisha unaendelea kupiga kama kawaida. Nakuandikia kwasababu mwezi uliopita mkanda wangu umeunguzwa na mlinzi, na kuna swali nimewauliza walinzi wengi sijapata jibu, kwanini simu inaruhusiwa na kamera hairuhusiwi?

Siku yenyewe ilianza vizuri. Saa 12 na nusu asubuhi niko Feri, soko la samaki, jua ndo linatokea upande wa Kigamboni, mnada umepamba moto, changu, vibua, pweza, watu wanapiga kelele za bei. Pale washanizoea. Mwanzoni ilikuwa kasheshe, "we kaka unatupiga picha ukatuuze wapi", mamalishe mmoja aliwahi kunifukuza na mwiko. Kilichonisaidia sio maneno, ni karatasi. Ukimpiga mtu na dijitali anazunguka nyuma ya kamera anajiona anacheka, yameisha. Ya mkanda nyuma haina kioo, anaigeuza geuza, "mbona sijioni?", namwambia subiri wiki 2, anajua kabisa hapa nishatapeliwa. Wiki 2 zikifika narudi na picha saizi ya postikadi nampa mkononi, bure. Kuna mpara samaki mmoja yake kaibandika kwenye nguzo ya banda kaifunika na nailoni isilowe, na tangu siku ile yeye ndo msemaji wangu, mtu akiniuliza kibali cha kupiga picha yeye ndo anajibu.

Wanaopenda picha niwaambie kitu kimoja kuhusu pale, maji nyuma yanang'aa kama bati jipya, na mita ya kamera, ile inayopima mwanga, akili yake ni kutaka kila kitu kiwe kijivu cha wastani, kwahiyo ikiona weupe wote ule inabana mwanga na sura ya mtu mweusi inatoka kivuli. Isogelee sura upime hapohapo, au ufungue apecha, lile tundu la mwanga kwenye lenzi, stopu moja na nusu kuliko inavyokwambia (stopu moja ni mwanga mara mbili). Mimi nilipoteza mikanda 3 kabla sijajua hilo, na mkanda saivi ukibahatika kuletewa na mtu kutoka nje bei yake unanunua kilo 3 za nyama, sio kama zamani kila studio ya mtaani zimepangwa kwenye kioo. Jua likishapanda hesabu ni nyepesi, apecha 16 na shata, ile spidi ya kufunguka na kufunga, iendane na namba ya mkanda ya kunasa mwanga, wa 200 unaweka 1/250, hata mita huhitaji. Ila mchana wa Dar macho ya watu yanageuka mashimo, kwahiyo ikifika saa 5 mimi nishafunga begi.

Basi nikatoka Feri kwa mguu, Kivukoni, nikapita kanisa la Azania Front, mpaka Samora pale kwenye sanamu ya askari iliyosimama tangu 1927, ambayo sidhani kama inapita siku haijapigwa selfi. Nikakunja mtaa wa nyuma nikamkuta mzee muuza kahawa, birika lake na jiko la mkaa chini, vikombe vimelala kwenye ndoo ya maji. Nikamwamkia, nikanywa vikombe 2 na kashata, nikamwomba picha. Akakubali, akavua kofia akaifuta akaivaa tena. Ilikuwa picha ya 31 kwenye mkanda.

Ng'ambo ya barabara kuna jengo, silitaji. Sikuwa na habari nalo. Mlinzi akatoka mbio, "futa hiyo picha." Namwambia mkuu haifutiki, hii ni ya mkanda. "Mkanda gani mwaka huu?" Namwonesha nyuma hamna kioo, ndo kwanza nimemharibia, akaona nimekuja na mtambo maalumu. Na wakati huo Mhariri, pale getini kwake kabisa, mabinti 2 wanacheza wamesimamisha simu ukutani inawarekodi na jengo lote nyuma yao, na kijana wa bodaboda kakaa juu ya pikipiki anapiga stori kwenye video kolu. Namwambia na wale je? Akasema "wale ni simu."

Akataka nifungue. Nikamweleza nikifungua mwanga unaingia, picha za asubuhi nzima zinaungua, akasema basi ndo vizuri. Nikaona akiishika yeye atavunja, nikavuta kile kifundo cha kurudishia mkanda, mlango ukafyatuka, jua la saa 4 likaingia kama sekunde 5 hivi, nikafunga. Akaridhika. Mzee wa kahawa akasema "pole mwanangu" na hela yangu akakataa.

Sasa mimi sio mbishi, kambi ya jeshi, Ikulu, najua, hata sisogei. Lakini lile jengo halina kibao, na kama ni siri simu ya kawaida ya saivi ina megapikseli 50, Canon yangu ina 12, Pentax haina hata moja. Simu inarusha picha dunia nzima kabla mlinzi hajanyanyuka kwenye kiti, mimi mpaka nisafishe mwenyewe nyumbani. Jasusi gani atakuja na kitu kinacholia kla! mtaa mzima unageuka? Nilishawahi hata kufuatilia hicho kibali, nikazungushwa ofisi 3, kila moja inanituma kwa mwenzake, na wote swali lao moja, "unatoka chombo gani cha habari?" Natoka Temeke. Hamna fomu ya mtu anayetoka Temeke. Mohamed Amin, yule aliyepiga njaa ya Ethiopia 1984 dunia ikashtuka, alianza kushika kamera akiwa mtoto wa shule hapahapa Dar, nashukuru tu hakukutana na yule mlinzi.

Ninachoomba kidogo. Mahali pasiporuhusiwa pawekwe kibao kinachoonekana, na kikatae vyote, simu na kamera. Pasipo na kibao basi mtu asivamiwe kisa lenzi yake ni kubwa.

Ule mkanda sikuutupa. Nasafisha mwenyewe kwa kahawa, watu wanadhani natania ila ni kweli, njia hiyo mwalimu mmoja wa kemia ya picha kule Rochester Marekani, Scott Williams, aliigundua na wanafunzi wake 1995. Mimi natumia kahawa ya unga ya Africafé, vitamini C za duka la dawa natwanga kwenye kinu, na badala ya soda ya kufulia wanayotumia wao natumia magadi, haya haya ya kwenye maharage, ila nayakaanga kwanza kwenye sufuria kavu yawe makali. Harufu yake mke wangu ameihamishia uani. Maji yanatakiwa yawe digrii 20 na ya bomba letu yanakaribia 30, hapo ndo ufundi friji unalipa, barafu ninazo na kipimajoto ninacho. Kuingiza mkanda kwenye kopo nangoja usiku, umeme ukikatika ndo raha kabisa giza halina tobo. Dakika 15, suuza, alafu dawa ya kufiksi, ya kufanya picha isiungue tena na mwanga, hiyo sasa haina ujanja lazima ununue. Zikikauka naweka negativu juu ya kioo cheupe cha tableti naipiga na ile Canon, nageuza rangi kwenye kompyuta, ndo kamera zangu 2 zinavyosaidiana.

Kumbe kwenye kamera hii mkanda ukishapigwa unajizungushia kwenye kijiti, picha za kwanza zinakuwa ndani kabisa na za mwisho juu. Mwanga ukala za juu. Kuanzia ya 20 kwenda mbele ni nyeusi tii, za kabla ya hapo zimepona, zina mchirizi tu pembeni kama mtu kamwaga maziwa. Za mnadani zote zipo. Mpara samaki nimempelekea yake, kaniuliza huu moshi wa nini, nikamwambia huo ni mlinzi.

Ya mzee wa kahawa haipo, na yeye hakuwa kwenye jengo, alikuwa kwenye kazi yake. Jumapili hii narudi kumpiga tena, palepale, kofia ileile. Kamera naziacha nyumbani. Nitampiga na simu.

Msomaji wako,
Fundi friji, Temeke, Dar es Salaam